Bafwasende: jino kuzibwa bila umeme, kazi iliyoanzia Tanzania

Anayeumwa jino katika vijiji vya Bafwasende, mbali na umeme, hana mashine ya kutobolea jino karibu naye. Ya kutumainiwa iko Kisangani, na barabara ya taifa namba 4 wakati wa mvua wasafiri wanaijua. Basi koleo linatangulia. Jino linang'olewa, hata lile ambalo lingepona.

Tatizo hilo hilo lilikuwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mganga wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akifanya kazi huko na wenzake, aliweka mashine pembeni. Walitumia vyombo vya mkono tu: patasi ndogo ya kupanua tundu na kijiko cha chuma cha kukwangua sehemu laini iliyooza. Sehemu nzima haikuguswa, na mara nyingi sindano ya ganzi haikuhitajika.

Kuziba ndiko kulikotaka ufundi mwingine. Ile tunayoiita plombaje, ingawa haina risasi ndani, ni fedha iliyochanganywa na zebaki, dawa ambayo wachimba dhahabu wanaifahamu vizuri. Haishikani na jino yenyewe. Lazima jino zuri likatwe ili iwe na pa kujishikiza, na hapo mashine inarudi. Jibu lilitoka London. Mwaka 1972 wanakemia Alan Wilson na Brian Kent walitangaza saruji ya glasi: unga wa glasi unakorogwa na asidi, unawekwa tunduni, unakandamizwa kwa kidole. Inashikana na jino lenyewe, tena inatoa floraidi kidogo kidogo.

Mbinu ya Tanzania ilipopata saruji hiyo, ikasafiri: Thailand mwaka 1991, kisha Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994 OMS iliitangaza kwa dunia. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingia katika orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Lakini haiponyi kila kitu. Tundu dogo la upande mmoja linadumu. Kubwa, la pande nyingi, hubomoka mapema. Na ubovu ukishafika kwenye mshipa, mgonjwa halali usiku, kuziba juu hakusaidii tena. Kwa hiyo mbinu hii inamtaka mtu aje kabla ya maumivu, wakati jino lina doa jeusi tu, na kituo cha afya kiwe na ule unga na vile vyombo siku hiyo.