Kaka Yangu Rudia

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tano Kabanga, si mbali na Kasulu mjini, na televisheni tuliyoitegemea sisi watoto ilikuwa ndani ya kibanda cha video karibu na njia ya hospitali. Jenereta ilinguruma nje, ndani tulibanana kwenye mabenchi. Siku za mpira kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Siku za Bongo Star Search mwenye kibanda alitoza mia, kwa hoja kwamba kuimba hata redioni kupo.

Mwaka ule hoja yake ilimtia hasara, maana kulikuwa na Peter Msechu. Mzee mmoja aliuliza Msechu ni jina la wapi, mbona si la Kiha, akajibiwa kwa sauti tatu kwa pamoja kwamba kijana ni wa Kigoma na mjadala umefungwa. Hakufanana na msanii tuliyemzoea kwenye video za Bongo Fleva, yule mwembamba mwenye miwani ya jua anayeegemea gari la kuazima. Alikuwa na mwili mkubwa, na aliimba kama mtu asiye na habari kwamba mwili huo unatazamwa. Watu wazima waliokuwa hawajawahi kuingia kibandani waliingia. Vocha zilinunuliwa, meseji zikatumwa kwa simu zilizochajiwa kwa jirani mwenye sola. Msechu akawa wa pili, nyuma ya Pascal Cassian, ambaye baadaye aligeukia nyimbo za injili. Mwaka uliofuata Msechu alikwenda Nairobi kwenye Tusker Project Fame, akawa wa pili tena, safari hii nyuma ya Davis wa Uganda. Kabanga tulihesabu zote mbili kuwa ushindi.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na swali ninalozunguka nalo ni la kibandani kabisa: yule mshiriki asiyefanana na wengine huyafanya nini mashindano ya kuimba?

Nilianza kulitafutia jibu mahali ambapo televisheni haikuwepo. Usukumani, tangu karne ya 19, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu: akivutiwa na kelele za upande wa pili, anahama. Matokeo yake unayaona mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo. Kuna wanaocheza na majembe, kuna wanaocheza na chatu. Nyoka hakuletwa uwanjani kwa sababu anaongeza utamu wa wimbo. Aliletwa kwa sababu upande wa pili haukuwa na nyoka. Pale umati unapokuwa hakimu, kioja huacha kuwa kosa kikawa mbinu, na baada ya vizazi viwili vitatu kinaitwa mila.

Televisheni ililichukua jambo hilohilo ikaligeuza biashara. Pop Idol ya Uingereza ya 2001, na American Idol iliyoifuata 2002, hazikuonyesha waimbaji wazuri tu. Zilionyesha usaili wenyewe, pamoja na wale wasioweza. Mwaka 2004 William Hung, mwanafunzi wa uhandisi pale Berkeley, aliimba vibaya mbele ya majaji wa American Idol, akakatwa, kisha akawa maarufu kuliko wengi waliopita. Alipata hata mkataba wa albamu. Mwaka 2009 ukumbi mzima Uingereza ulimcheka Susan Boyle, mwanamke wa miaka 47 kutoka kijiji cha Scotland, kabla hajafungua kinywa. Alipofungua, cheko likakatika. Wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa kipaji dhidi ya sura, ingawa fainali alishindwa na kundi la wacheza dansi. Mimi namtazama mhariri wa kipindi. Yeye alikuwa ameshaisikia ile sauti, na bado alituwekea kwanza nyuso za wanaomcheka.

Kisa ninachokirudia zaidi, hata hivyo, ni cha India. Mwaka 2007 Prashant Tamang, konstebo wa polisi wa Kolkata, aliingia Indian Idol. Kwao ni Darjeeling, milimani, kwa Wagorkha wanaozungumza Kinepali, watu ambao India ya mabondeni imezoea kuwafikiria kama walinzi wa mageti na kuwauliza kama kweli ni Wahindi. Sauti yake ilikuwa nzuri, ingawa wako waliosema si nzuri kuliko zote. Milimani hilo halikuwa swali. Watu walichangishana fedha za meseji, kamati za mashabiki zikaundwa, na mwezi Septemba akatangazwa mshindi. Siku chache baadaye mtangazaji wa redio alitania kwamba sasa mageti yatakosa walinzi. Ghasia zikazuka Siliguri, amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Mwezi Oktoba Bimal Gurung, aliyekuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kura za Tamang, alianzisha chama cha kudai jimbo la Gorkhaland. Yaani kipindi cha nyimbo kiliacha nyuma yake chama cha siasa.

Mtu wa Kigoma akisoma habari hiyo hahitaji maelezo. Sisi ni mwisho wa reli. Ukitoka Kasulu au Kibondo ukafika mjini na lafudhi yako, swali la kama wewe si Mrundi linakusubiri stendi. Ndiyo maana Kigoma All Stars, Msechu akiwamo, walipotoa "Leka Dutigite" mwaka 2012, jina la Kiha kwenye redio za Dar es Salaam, kuna watu wazima kwetu walioongeza sauti wakatulia kimya. Mashindano hayakuleta peke yake jambo hilo, lakini yalikuwa mlango mmojawapo. Mlango huohuo walipita wengine ambao kanuni ya Bongo Fleva haikuwatazamia: Mariam Mohamed, mshindi wa 2010, aliyekuja na taarab, Kala Jeremiah, mtu wa kurapu katika shindano la waimbaji.

Lakini si kila aliyefika mlangoni alipita.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikwenda kwenye usaili wa shindano moja ambalo silitaji. Aliondoka Kasulu alfajiri, akapita Kibondo na Nyakanazi kwenye vumbi la barabara ya zamani, akavuka kwa kivuko kuingia Mwanza, akalala stendi. Alikuwa anaimba vizuri; kwaya ya kwetu ilimtegemea. Mbele ya majaji alijitambulisha, mmoja akacheka lafudhi yake na kumwambia arudie. Akarudia. Akaambiwa arudie tena. Alipofika kwenye wimbo wenyewe pumzi ilikuwa imekwisha. Kipande kilichorushwa hewani hakikuwa na wimbo hata kidogo, kilikuwa na kule kurudia tu, na kicheko kimewekwa juu yake.

Tulikiona kibandani. Na sisi tulicheka, tusidanganyane. Mimi nilicheka. Kuanzia wiki ile jina lake likawa Rudia, na watoto waliozaliwa baadaye hawajui kwamba ana jina lingine. Kwaya aliiacha.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba washiriki wa ajabu "huongeza ladha" ya vipindi hivi, naona sentensi hiyo imeruka hesabu. Kila Tamang mmoja ana mamia waliotumika kama ladha na hawakupigiwa kura, kwa sababu kura hufunguliwa baada ya usaili. Mtu wa kwenu hawezi kukuokoa kwa meseji pale unapochekwa. Wakati huo simu yake haina namba ya kutuma.

Likizo iliyopita nilimfuata kwenye banda lake la kutengeneza simu, sokoni Kasulu. Nilimwambia, kaka, naandika tasnifu kuhusu mambo yale, ningependa kukuhoji. Hakuinua kichwa, alikuwa anashika waya mwembamba kuliko unywele. Aliuliza kama jina lake litaandikwa. Nikasema hapana, nitalificha.

"Sawa," alisema. "Ila andika kwamba nauli nililipa mwenyewe. Kwenda na kurudi."