Mgeni Aliyekuja na Okidi

Mwaka 1845 Bunge la Uingereza lilifuta kodi ya vioo iliyokuwa imetozwa kwa takriban karne nzima. Hadi wakati huo, nyumba ya vioo ya kuoteshea maua ilikuwa starehe ya makabaila. Kodi ilipoondoka, bei ya vioo iliporomoka, na haukupita muda madaktari, wenye maduka na wachungaji wa makanisa nao wakajijengea chumba cha vioo nyuma ya nyumba. Humo waliweka waridi, fushia na okidi. Boila la makaa ya mawe lilisukuma maji ya moto katika mabomba ya chuma usiku kucha, huku nje theluji ikianguka.

Joto lile, pamoja na ukavu wa hewa yake, liliufaa utitiri mwekundu kuliko lilivyoyafaa maua yenyewe.

Kiumbe huyu, ambaye Mjerumani Carl Ludwig Koch alimpa jina la kisayansi la Tetranychus urticae mwaka 1836, si mdudu hasa. Ni ndugu wa buibui, kupe na papasi. Ana miguu minane na urefu wa kama nusu milimita. Hukaa chini ya jani, hutoboa seli moja moja na kufyonza kilichomo, na kila sehemu aliyofyonza huonekana kama kitone cheupe upande wa juu. Vitone vikizidi, jani hupauka, hugeuka rangi ya shaba, kisha hudondoka. Wakiwa wengi kupindukia, husuka utando mwembamba kutoka ua hadi ua. Mtunza maua wa zamani hakuhitaji hadubini kuwagundua: alishika karatasi nyeupe chini ya tawi, akaligonga kwa kidole, akangoja kuona kama vumbi lililoanguka litatembea.

Kwa kuzaana, hana mfano. Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, yai hufikia utu uzima kwa wiki moja hivi, na jike mmoja huweza kutaga mayai mia moja au zaidi. Hata jike ambaye hajakutana na dume hutaga. Mayai hayo yasiyorutubishwa huangua madume, naye jike huweza kupandana na mwanawe na kuanzisha ukoo mzima peke yake. Siku zikifupika na baridi ikiingia, majike hugeuka rangi ya machungwa, huacha kula na kujificha katika nyufa za mbao. Ndiyo maana nyumba ya vioo iliyopanguswa kila kona mwezi Desemba iliweza kujaa tena utitiri ifikapo Aprili, na vijana waliofanya usafi wakalaumiwa bure.

Dawa ya kwanza ilikuwa maji. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya bustani walipewa bomba la shaba la kusukumwa kwa mkono, wakarushia maji chini ya majani asubuhi na jioni. Ilikuwa kazi ya kuchosha mikono, lakini ilikuwa na maana: maji huchana utando, huporomosha mayai na kuongeza unyevu katika hewa, na unyevu huchelewesha uzazi wa utitiri. Tatizo ni kwamba petali zikilowa hupata madoa. Kwa hiyo ilibidi maji yasimame maua yanapochanua, yaani wakati ambapo mwenye nyumba alitaka kuwaonyesha wageni wake.

Hapo ndipo salfa ilipoingia, ileile ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Mtunza bustani aliikoroga iwe uji, wakati mwingine pamoja na chokaa, akaipaka kwenye mabomba ya maji ya moto. Mvuke wake ulipanda polepole na kuenea chini ya majani. Bomba la maji lilikuwa na joto la kutosha kuifanya salfa itoe mvuke bila kuwaka. Aliyekosa subira akaiweka juu ya makaa alitengeneza gesi ya salfa-dioksidi, na kulipokucha alikuta utitiri umekufa pamoja na kila mmea uliokuwa ndani. Wengine walitegemea moshi wa tumbaku. Uliua vidukari vizuri sana, lakini utitiri haukuujali, ingawa wengi waliendelea kuufukiza kwa sababu tu ndivyo walivyofundishwa.

Katika miaka ya 1920 kazi ikahamia maabara. Kituo cha utafiti cha Cheshunt, kaskazini mwa London, kilichohudumia wakulima wa nyumba za vioo wa bonde la mto Lea, kilifanya majaribio ya kufukiza kwa naftalini, kemikali ya vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini. Huko Marekani, karibu na mwaka 1940, watafiti na wakulima wa maua walijaribu njia ya ajabu zaidi: kuuwekea udongo chumvi ya seleni. Karnesheni au krisanthemu iliivuta sumu kwa mizizi, na utitiri ukafa kwa kile ulichofyonza. Njia hiyo ilifanya kazi. Lakini seleni ni sumu kwa binadamu pia, na udongo uliowekewa haukufaa tena kuoteshea chakula.

Kisha ikaja DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939. Iliua karibu kila kitu isipokuwa utitiri. Waliokufa ni wadudu waliokuwa wakiula, na kwa hiyo kiumbe aliyekuwa kero ya nyumba za vioo akawa janga hata kwenye mashamba ya matunda ya wazi. Wakulima wa waridi wa Marekani wakakimbilia parathioni, iliyotengenezwa na Mjerumani Gerhard Schrader wakati wa Vita Kuu ya Pili, sumu kali ya jamii moja na gesi za kivita. Mwanzoni ilifagia kila kitu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, taarifa za utitiri uliozoea parathioni katika nyumba za waridi zilikuwa tayari zimechapishwa.

Usugu huo una siri yake katika yale madume yasiyo na baba. Dume hubeba nakala moja tu ya kila jeni, hivyo jeni ya kuhimili sumu haina pa kujificha; dume mwenye nayo hupona, asiye nayo hufa, na baada ya vizazi vichache, yaani miezi michache tu, shamba zima lina jeni hiyo. Dawa zikafuatana, na nyingi zikaishia kulekule. Dikofoli, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1950 na kutumiwa kwa miongo mingi, iliorodheshwa mwaka 2019 katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa kemikali za kuondolewa duniani.

Suluhisho lililodumu halikutafutwa na mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa Kijerumani aitwaye Dosse alikuta katika okidi zilizoletwa kutoka Chile utitiri wa aina nyingine: umbo la pea, rangi ya chungwa iliyokolea, miguu mirefu, mwendo wa haraka. Haukuwa ukifyonza majani. Ulikuwa ukiwala wenzake. Dosse aliupa jina, lakini baadaye ilibainika kuwa ni uleule ambao Claire Athias-Henriot alikuwa ameueleza mwaka 1957 kutokana na vielelezo vya Algeria, na jina lake, Phytoseiulus persimilis, ndilo lililobaki.

Mwindaji huyu hula mayai hadi ishirini, au utitiri watano waliokomaa, kwa siku moja. Katika joto la wastani hukua kwa karibu nusu ya muda unaohitajiwa na windo lake, kwa hiyo akianza mapema humfikia na kumpita. Hana chakula kingine. Utitiri ukiisha, naye hufa njaa au huondoka, na shambulio jipya likizuka inabidi aletwe upya.

Wataalamu wa Uholanzi, Uingereza na Kanada walimchukua haraka, lakini aliyemfanya bidhaa alikuwa mkulima wa matango. Jan Koppert, wa Berkel en Rodenrijs huko Uholanzi, alikuwa na mzio wa dawa alizozipulizia mwenyewe. Mwaka 1967 alianza kuzalisha wawindaji hao kwa ajili ya matango yake, kisha kwa majirani. Kampuni inayobeba jina lake leo inauza wadudu na utitiri wa manufaa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Kenya iliingia katika hadithi hii kupitia Ziwa Naivasha, ambako kilimo cha maua ya kuuza nje kilishika kasi kuanzia miaka ya 1970. Vitalu nyumba vya plastiki vinazuia mvua na kukusanya jua, na kilicholiletea waridi neema kimeuletea utitiri neema vilevile. Mwaka 2001 ilianzishwa hapohapo kampuni ya Dudutech, ambayo huzalisha wawindaji hao kwa mashamba ya eneo hilo na kwingineko.

Namna wanavyofugwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza hupandwa maharage, kwa kuwa utitiri huyapenda kupita kiasi. Maharage yakishamiri huambukizwa utitiri kwa makusudi, jambo ambalo mkulima yeyote mwingine angelia machozi akiliona. Majani yakishajaa ndipo wawindaji huachiliwa juu yake, wakale na kuzaana. Mwishowe huvunwa na kutiwa chupani pamoja na punje nyepesi za vemikulaiti, chupa zikapelekwa shambani zikiwa zimepozwa, na mfanyakazi hupita kati ya matuta akinyunyiza chupa juu ya majani kama anayekoleza pilipili.

Kabla yake hupita skauti, mara nyingi mwanamke mwenye lenzi ya kukuza mara kumi shingoni, anayegeuza jani baada ya jani na kuandika alichokikuta kitalu kwa kitalu. Kazi ya wawindaji hurahisishwa na jinsi waridi linavyolimwa: matawi dhaifu hukunjwa kuelekea chini yabaki kulisha mmea, na yale yaliyonyooka ndiyo hukatwa kwa soko. Utitiri kidogo katika matawi yaliyokunjwa haumsumbui mnunuzi wa Ulaya, na huwapa wawindaji chakula cha kuwashikilia hapo.

Ugumu uko kwenye kalenda. Januari na Februari ni miezi ya jua kali na hewa kavu Naivasha. Utitiri huongezeka kwa kasi wakati huo, na mwindaji anayehitaji unyevu hulemewa. Hiyo ndiyo miezi ambayo oda za waridi la sikukuu ya wapendanao ya tarehe 14 Februari hufurika. Shamba linalowategemea wawindaji hulazimika kuwaachilia mapema, skauti wakiwa bado wanahesabu utitiri mmojammoja.