Mtiririko Stahiki: Maji ya Mto Kabla ya Mgao

Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu uliacha kutiririka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ulikuwa mto wa kudumu. Tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka, mara kwa wiki kadhaa, mara kwa miezi, ukiacha madimbwi ambamo viboko na mamba hubanana na samaki hufa kwa kukosa hewa. Wataalamu waliokwenda kuuchunguza walikuwa na dhana moja ambayo kwa Kiingereza huitwa environmental flow. Kwa Kiswahili imeshapewa majina kadhaa, na naona hakuna hata moja linalofikisha ujumbe kwa mtu anayefungua na kufunga banio la mfereji, ambaye ndiye mwenye mto mikononi.

Tuanze na maana. Azimio lililotolewa Brisbane, Australia, mwaka 2007 lilieleza dhana hiyo kuwa ni kiasi, wakati na ubora wa mtiririko unaohitajika ili mito na milango yake ya baharini iendelee kuwa hai, pamoja na riziki na ustawi wa watu wanaoitegemea. Hapo pana mambo manne: kiasi, wakati, ubora, na watu. Majina tuliyonayo yanabeba moja au mawili, mengine yanamwagika njiani.

"Mtiririko wa mazingira" ni tafsiri ya neno kwa neno. Msomaji asiye mtaalamu hujiuliza mazingira yanatiririkaje. "Maji ya mazingira", au kwa urefu "maji kwa ajili ya mazingira", yanaeleweka haraka zaidi, lakini yana madhara yake. Mkulima wa Mbarali, upande wa juu wa Ruaha, akisikia kwamba kuna maji ya mazingira, anaelewa kuwa maji yake yamechukuliwa yakapewa wanyama wa hifadhi na watalii. Mvuvi wa chini ya mto, mfugaji, mama anayechota ndoo kwenye kisima cha mchangani, wote hawamo katika jina hilo, ilhali wamo katika maana.

Jina la tatu limetoka kwenye sheria. Afrika Kusini, katika Sheria ya Maji ya mwaka 1998, iliweka fungu la maji linalotengwa kwanza kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mito yenyewe. Kenya ililichukua wazo hilo katika Sheria ya Maji ya 2002, na Tanzania katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009. Fungu hilo kwa Kiswahili huitwa akiba. Nina wasiwasi mkubwa na neno hili. Akiba katika maisha yetu ni kitu unachoweka ili ukitumie siku ya shida. Ghala la akiba hufunguliwa njaa inapoingia. Maji haya kazi yake ni kinyume kabisa: ndiyo yasiyoguswa ukame unapoingia, kwa sababu ukame ndio wakati mto unapokaribia kufa. Ukimwambia mwenye shamba kwamba mtoni kuna akiba, na mpunga wake unanyauka, umemwonyesha mahali pa kwenda kuchota.

Kwa nini nalivalia njuga jambo la jina? Kwa sababu bonde la Usangu, upande wa juu wa Ruaha Mkuu, linaonyesha jinsi hesabu ya maji haya ilivyo ngumu kuikisia kwa macho.

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha yenyewe huteremka kutoka nyanda za juu na kuingia kwenye bonde tambarare la Usangu. Maji husambaa katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa njia moja tu, mahali paitwapo Ng'iriama, ambapo mwamba umekatiza mbele yake. Kina cha Ihefu kikiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kuelekea hifadhini na baadaye Bwawa la Mtera. Kikishuka chini ya mwamba, hata kwa kiasi kidogo, hakitoki kitu, ingawa nyuma yake bado kuna maji mengi yanayoonekana. Mtu aliyesimama Ihefu anaona maji na majani mabichi. Aliye chini ya Ng'iriama anaona mchanga.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipiga hesabu. Waligundua kuwa kati ya 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi yalipungua kwa takriban asilimia 70, sababu kuu ikiwa ni maji yaliyochepushwa, hasa kwa kilimo cha umwagiliaji, na eneo la ardhioevu wakati wa kiangazi likapungua kwa takriban asilimia 40. Walikadiria kwamba ili mto ulio chini ubaki na uhai wa msingi, unahitaji angalau mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani lita 600. Ili lita hizo 600 zitoke Ng'iriama, lazima wastani wa lita 7,000 kwa sekunde ziingie Ihefu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huchukuliwa na jua na mimea ya ardhioevu.

Fikiria maana ya hesabu hii kwa Jumuiya ya Watumia Maji iliyoko mbali upande wa juu wa mto. Hata wakiacha lita 600 zipite kwenye banio lao kwa nia njema, mto hautaziona. Ndiyo maana lawama tupu, za mkulima kumlaumu mfugaji na mfugaji kumlaumu mwenye shamba kubwa, hazijawahi kuurudisha mto. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Mifereji mingi huachwa wazi kiangazi kizima baada ya mpunga kuvunwa, kwa ajili ya matumizi ya nyumbani na bustani ndogo, na maji mengi hupotea njiani kabla ya kumfikia mtu yeyote. Hapo ndipo penye lita za kuokoa, bila kumnyima mtu mlo.

Kiasi si kila kitu, ingawa ndicho hupimwa kwanza. Mwaka 1976 Mmarekani Donald Tennant alipendekeza kanuni ya asilimia za wastani wa mtiririko wa mwaka: 10 kwa mto kunusurika kwa muda mfupi, 30 na zaidi kwa hali iliyo nzuri. Kanuni hiyo ilipendwa kwa wepesi wake. Hatari ni kuichukua namba moja na kuifanya iwe ya mwaka mzima, kwa sababu mto unahitaji pia kufurika. Nenda Rufiji uwaulize wakulima wa mlau. Mlau ni kilimo cha kufuata maji yanaporudi: mafuriko ya masika yakipungua, watu hupanda mahindi na kunde katika udongo uliorutubishwa na kushiba unyevu, bila mfereji wala pampu. Mafuriko hayo hayo huupelekea mkoko wa delta matope na maji baridi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo wa Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na lenye uwezo wa megawati 2,115, linaweza kuachia maji mengi kila siku ya mwaka na bado likaua mlau, iwapo yatatoka kwa usawa ule ule Aprili na Oktoba. Kwa mwendesha mitambo, mtiririko usiobadilika ni neema. Kwa Mrufiji ni mwaka usio na msimu.

Mabadiliko ya tabianchi yanalikaza fundo hili. Joto likipanda, ardhioevu hupoteza maji zaidi angani, na zile lita 7,000 za jana huenda zisitoshe kesho. Mvua zinazochelewa na kisha kushuka kwa kishindo hujaza mto kwa siku chache, kisha huuacha. Kibali cha kutumia maji kilichoandikwa kwa lita kadhaa kwa sekunde, kwa kupimia mwaka wa neema, kinakuwa ahadi isiyotimizika katika mwaka wa ukame, na anayelipa deni hilo ni yule asiye na kibali: mto. Mgawanyo wa zamu, ambao wakulima wa mifereji wanaujua tangu zamani, unavumilia ukame vizuri zaidi kwa sababu unagawa kilichopo.

Pendekezo langu ni kuiita dhana hii mtiririko stahiki, na katika mazungumzo ya kawaida, stahiki ya mto. Kila mtumishi anajua stahiki zake ni zipi: si hisani, si masalia, na haziahirishwi kwa sababu mwajiri ana matumizi mengine. Neno hili linabeba kiasi, kwa kuwa stahiki huhesabiwa. Linabeba wakati, kwa kuwa stahiki iliyocheleweshwa huhesabiwa kuwa deni. Ubora nao umo, maana anayestahili maji hapewi taka. Na halimtengi binadamu na mto, kwa kuwa wote wawili wanastahili.

Nawaomba wanaistilahi wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) walipime neno hili, na walikatae wakipata lililo bora. Kwa bodi za maji za mabonde ombi langu ni la vitendo zaidi. Kila kibali kipya na kila kinachohuishwa kitaje kwanza stahiki ya mto, mwezi kwa mwezi, kwa lita kwa sekunde, ndipo kitaje fungu la mwombaji. Na namba hiyo iandikwe kwa rangi kwenye banio lenyewe, pembeni mwa kipimo cha kina, mahali ambapo mwenye zamu anaiona kabla hajafungua mlango.