Mizani ya Toad Lane na Mizani Yetu

Chama kikitimiza miaka kumi, desturi ni kuhesabu mali. Msomaji atakuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki picha za maghala na malori, hesabu za mazao yaliyouzwa, na majina ya wenyeviti waliotutangulia. Na hayo yote ni haki yake kuyaona. Mimi nimeombwa niandike habari za historia, nami nimechagua jambo lisilopigika picha. Ni ile tabia ya kazi ambayo chama huwa nayo, yaani namna watu wake walivyozoea kupima, kulipa, kuandika na kuulizana, hata pale ambapo hapana msimamizi anayewatazama. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyowapa wanaushirika wa kwanza nguvu ya kushindana na wafanyabiashara waliowazidi kwa kila kitu. Tena ndiyo iliyotangulia kupotea mahali ambapo ushirika ulianguka.

Habari yenyewe yaanzia mbali na mashamba yetu, katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza, ambako watu wengi waliishi kwa kufuma flaneli. Mwaka 1844 hali yao ilikuwa duni. Mashine zilikuwa zimeshusha ujira, na madai yao ya kuongezwa mishahara yalikuwa yameshindwa. Wengi walikuwa wameandikwa katika daftari la mwenye duka, na mtu aliyeandikwa humo hana sauti: hununua pale anapodaiwa, kwa bei anayoambiwa, na huchukua bidhaa anayopewa. Na bidhaa zenyewe! Siku hizo ilikuwa kawaida kutia shabu katika unga na mkate ili uonekane mweupe, na majani ya chai yaliyokwisha pikwa yalikaushwa yakauzwa tena. Daktari mmoja, Arthur Hill Hassall, alizichunguza bidhaa za maduka ya London kwa hadubini, na kati ya mwaka 1851 na 1854 akatangaza aliyoyaona katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet. Sheria ya kwanza ya kuzuia uchafuzi huo wa vyakula haikupitishwa mpaka mwaka 1860.

Basi katika hali hiyo watu 28 wakakubaliana kufungua duka lao wenyewe. Mtaji wao ulikuwa pauni 28, nao waliukusanya kwa shida, peni mbili au tatu kwa juma. Wakapanga chumba cha chini katika ghala la zamani kwenye njia iitwayo Toad Lane, na usiku wa tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua madirisha. Ndani mlikuwa na siagi ratli 28, sukari ratli 56, unga wa ngano wa mifuko michache, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa kidogo. Yasemekana watoto wa mitaani walikusanyika wakawazomea, na wenye maduka wengine wakacheka kwamba mali yote ile yaweza kubebwa kwa toroli moja. Nao hawakusema uongo.

Walikuwa na nini, basi, cha kushindania? Fedha hawakuwa nazo, mahali pazuri pa biashara hawakuwa napo, na hapana mmoja wao aliyekuwa mfanyabiashara mashuhuri. Walikuwa na kanuni chache walizoandika, nao wakazishika kila siku hata zikawa mazoea yao. Waliahidi bidhaa safi na kipimo kamili. Waliuza kwa fedha taslimu tu. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au hisa hamsini, na hesabu zilisomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Wanawake nao walipokewa: mwaka 1846 Eliza Brierley aliandikwa kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, wakati ambapo sheria ya Uingereza bado ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe.

Kanuni ya fedha taslimu ilikuwa ngumu kuliko zote, maana ilimfungia mlango yule maskini hasa ambaye duka lilikusudiwa kumsaidia. Lakini wazee wa Rochdale walikuwa na sababu. Palikuwa na duka jingine la ushirika katika mji uleule, nalo lilifunguliwa mwaka 1833 likafa mwaka 1835 kwa ajili ya mikopo. Baadhi yao walikuwa wanalikumbuka vizuri. Walijua kwamba karani akimkopesha ndugu yake leo, kesho hawezi kumnyima jirani, na mwisho wa mwezi hapana fedha ya kununulia mali mpya.

Watu wengi hudhani kwamba duka hilo lilishinda kwa kuuza rahisi. Sivyo. Waliuza kwa bei ileile iliyokuwa mjini, kisha faida ikagawanywa kwa wanachama kila mmoja kwa kadiri alivyonunua. Tazama akili iliyomo humo. Kama wangalishusha bei, wenye maduka matajiri wangalishusha zaidi, nao wangaliweza kuvumilia hasara kwa mwezi mmoja au miwili mpaka duka la wafumaji lifungwe. Walakini kwa bei ileile vita hiyo haikuwa na pa kuanzia. Mwanamke aliyenunua Toad Lane alilipa kama wengine, lakini aliondoka na ratli kamili ya unga usiotiwa kitu, na mwisho wa robo mwaka akapata gawio ambalo aliweza kuliacha lizae. Tajiri angaliweza kuiga bei yao kwa siku moja. Kuiga uaminifu wao kungalimgharimu faida yote aliyokuwa akiipata katika mizani na katika madeni.

Tabia hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1850 wanaushirika wa mji huo walianzisha kinu cha kusaga unga ili wasitegemee unga wa watu. Mwanzoni kilipata hasara, tena wanunuzi wakalalamika kwamba unga wake haukuwa na weupe waliouzoea. Weupe ule waliouzoea ulikuwa kazi ya shabu. Hapo palikuwa na njia nyepesi, nayo ni kufanya kama wenzao walivyofanya, na kwa kweli wanunuzi wenyewe wangalishukuru. Hawakuifuata. George Jacob Holyoake, aliyeandika historia yao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1858, aeleza kwamba walishikilia unga safi mpaka watu wakajifunza upya sura yake. Kinu kikainuka.

Na kujifunza ndiko kulikokuwa nusu ya kazi yao. Juu ya duka waliweka chumba cha kusomea magazeti na maktaba, na tangu miaka ya 1850 asilimia 2.5 ya faida ilitengwa kwa elimu ya wanachama. Mtu mwenye haraka angaliweza kuuliza, magazeti yauza siagi? Lakini mwanachama asiyejua kwa nini duka halikopeshi atapiga kura likopeshe, na asiyeweza kusoma hesabu hana la kuuliza zinaposomwa. Mwaka 1850 wanachama walikuwa 600. Kufikia mwaka 1860 walikuwa wamepita 3,000, na mauzo ya mwaka yalizidi pauni 150,000. Wale waliochekea toroli hawakucheka tena.

Sasa yafaa niseme habari ambayo mara nyingi huachwa katika sherehe. Mwaka 1854 watu wa Rochdale walianzisha pia chama cha kufuma pamba, na humo waliweka kanuni kwamba mfanyakazi apate fungu la faida pamoja na mwenye hisa. Kazi ikastawi, wakataka kiwanda kikubwa, na kiwanda kikubwa kilihitaji mtaji. Hisa zikauzwa kwa wengi. Waliozinunua hawakuwa watu wabaya, ila hawakuwa wamekaa pamoja usiku wa kukusanya peni mbili. Walisikia kwamba hapa fedha huzaa, wakaja. Baada ya jaribio la kwanza kushindikana, mwaka 1862 walipiga kura na kulifuta fungu la wafanyakazi. Hapana sheria iliyovunjwa wala fedha iliyoibwa. Kiwanda kiliendelea kusimama pale pale, lakini hakikuwa tena kile walichokiwazia waanzilishi.

Kutoka pamba ya Rochdale naja kwenye pamba ya kwetu, maana kanuni zile zilifika Tanganyika kwa sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932. Chini ya sheria hiyo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933. Lakini mfano ulio karibu na moyo wangu ni wa Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba huko waliona kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi. Jambo lao la kwanza halikuwa kununua lori wala kujenga ghala. Waliwaajiri vijana waliosoma, wakawaweka kwenye vituo vya kununulia wapime pamba kabla haijapandishwa kwenye mizani ya mnunuzi. Ni jambo dogo, lakini mkulima aliyejua uzito wa mzigo wake hakudanganyika tena. Kwa desturi hiyo ya mizani vyama vikaota, na mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, likaundwa shirikisho la vyama vikuu vya Victoria, VFCU. Likamiliki vinu vya kuchambulia pamba, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 pamba ya wakulima wa upande ule wa ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika. Katika Afrika nzima palikuwa na vyama vichache vya kulinganishwa nalo.

Yaliyofuata wazee wetu wanayajua. Kati ya mwaka 1961 na 1966 idadi ya vyama nchini iliongezeka karibu maradufu, vingi vikianzishwa kwa haraka, hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameviomba. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, wakati vyama vilikwisha kuwa vingi kuliko makarani waliojua kuandika vitabu vyake. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza malalamiko ya wakulima, ikakuta wanachama wasioelewa chama chao, watumishi wasio na ujuzi, uongozi usiowajibika kwao, na siasa zilizoingilia kazi. Mwaka 1967 Serikali iliuondoa uongozi wa VFCU, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, visirudishwe kwa sheria mpaka mwaka 1982.

Wako wanaosema kwamba wizi ndio uliouua ushirika ule. Wizi ulikuwako, sikatai. Lakini mimi naona jambo jingine lilitangulia. Vyama vilipopewa peke yao haki ya kununua pamba, yule mnunuzi aliyekuwa akishindana nao aliondoka, na yule kijana wa kupima naye akaondoka, maana kazi yake ilikuwa kumchunga mnunuzi. Hapana aliyefikiri kwamba sasa chama chenyewe ndicho mnunuzi, na kwamba mizani yake nayo yahitaji macho. Duka la Toad Lane halikupata kamwe raha hiyo. Upande wa pili wa njia palikuwa daima na duka jingine lililo wazi, na mwanachama aliyechoka aliweza kuvuka.

Tangu VFCU lizaliwe mpaka uongozi wake kuondolewa ilipita miaka 12. Chama chetu kikuu kina miaka 10. Waliokianzisha bado wako nasi, nao wanakumbuka kwa nini tulikubaliana kwamba karatasi ya uzito iandikwe mbele ya mkulima na kusomwa kwa sauti. Lakini wanachama walio wengi leo wameingia katika miaka hii mitatu ya bei nzuri, na sijui ni wangapi kati yao waliowahi kuelezwa habari hiyo. Katika bajeti ya mwaka huu fungu la elimu ya wanachama limepunguzwa ili lisaidie ujenzi wa ghala. Nalisema hili kwa heshima kwa Halmashauri, ambayo naijua nia yake.

Msimu uliopita nilikuwa katika ghala la chama kimoja cha msingi, nikiwa na safari zangu nyingine. Uso wa mizani ulikuwa umeelekezwa kwa karani, na mkulima alisimama upande wa nyuma, haoni kitu. Nilimwuliza karani sababu, akajibu kwa adabu kwamba mwanga wa dirisha ndivyo unavyotaka. Wakulima wanane au tisa walikuwa wamepanga foleni, na hapana aliyesema neno. Kisha mama mmoja mzee, ambaye mzigo wake ulikuwa wa nne, akafika mbele, akaweka gunia lake chini badala ya kulipandisha, akasema, "Mwanangu, igeuze." Karani akamtazama, akatutazama sote, akasimama akaigeuza.