Duma (bendi ya Nairobi)

Duma ni bendi ya metali ya Nairobi, Kenya, yenye watu wawili tu: Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart, ndiye sauti, Sam Karugu ndiye gitaa na mapigo. Mswahili akilisikia jina hili humfikiria mnyama mwenye mbio kuliko wote, na kasi ya muziki wao haimsuti. Wenyewe lakini wamelitoa katika Kikuyu, na maana yake ni giza.

Wawili hawa walitokea katika kundi dogo la wapenzi wa metali wa Nairobi, lenye bendi kama Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, zilizopiga magitaa na ngoma kwa utaratibu uliozoeleka. Mwaka 2019 walikwenda Kampala kurekodi katika studio ya Nyege Nyege. Albamu yao, nayo inaitwa Duma, ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes Agosti 2020, wakati kumbi zimefungwa kwa sababu ya korona.

Mtindo

Duma huwekwa katika graindikoa, tawi la metali lililokua Uingereza miaka ya 1980 kupitia bendi kama Napalm Death ya Birmingham, ambayo albamu yake Scum ya 1987 ina wimbo usiofika sekunde mbili. Alama ya tawi hili ni mpigo ambao ngoma ya mguu na ngoma ya mkono hupokezana haraka mpaka sikio linashindwa kuzitenganisha. Kwa mpiga ngoma, hiyo ni kazi ya vifundo vya mkono na vya mguu, na vifundo huchoka. Duma hawana mpiga ngoma. Mapigo yao hupangwa kwenye kompyuta, na mashine haiishiwi pumzi; huweza kukimbia, kukatika ghafla, kisha kurudi nzito na polepole, huku gitaa likikwaruza kama mabati yanayoburutwa juu ya lami.

Kuieleza Duma kwa Birmingham peke yake ni kuinyima nusu ya ukoo wake. Singeli, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, hufika mapigo 200 hata 300 kwa dakika, nayo pia huzaliwa kwenye kompyuta. Lebo iliyowatoa Duma ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa singeli Sounds of Sisso mwaka 2017. Kijana wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za Manzese, hatashangazwa na kasi ya Duma. Kitakachomshtua ni kwamba muziki wa mbio namna hii unaweza kukosa furaha kabisa.

Maneno

Majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, na yanazunguka dhambi, malaika na shimo lisilo na mwisho: "Sin Nature", "Angels and Abysses". "Pembe 666" imechanganya neno la Kiswahili na hesabu ya mnyama wa Ufunuo 13, sura ambayo mtoto yeyote aliyepitia shule ya Jumapili anaijua. Hii ni lugha ya mahubiri, na haikuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Maneno yenyewe ni vigumu kuyashika, kwa kuwa Khanja hunguruma, hukoroma na kupiga mayowe. Sauti yake ni chombo zaidi ya kuwa msimulizi.

Jukwaani

Karugu husimama na gitaa lake karibu na mashine, Khanja hana mahali pake. Hushuka jukwaani na maikrofoni, akaingia katikati ya watu, akapiga yowe akiwa uso kwa uso nao. Wamepiga hivi Ulaya na katika tamasha la Nyege Nyege la Jinja, Uganda, lililoanza 2015. Jina la tamasha, ambalo kwa Waganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika, humfanya mtu wa pwani ainamishe uso. Septemba 2022 Bunge la Uganda lilitaka tamasha lisifanyike, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe. Lebo hiyo ameiita Haekalu, na Mswahili hahitaji kuambiwa hilo ni neno gani.