Sokwe Yatima na Kipimo cha Akili

Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa karibu kila panapojadiliwa akili ya wanyama na ya binadamu. Esther Herrmann, Michael Tomasello na wenzao waliwapa sokwe 106, orangutani 32 na watoto wa binadamu 105 wenye umri wa miaka miwili na nusu majaribio yaleyale. Katika majaribio ya vitu, kama kukumbuka chakula kilipofichwa, kupambanua kingi na kichache, au kutumia kijiti kuvuta kitu, watoto na sokwe walikwenda sambamba, kila upande ukipata takriban asilimia 68. Katika majaribio ya kijamii, kama kumwiga mtu anayeonyesha namna ya kufungua kitu au kufuata kidole kinachoelekeza, watoto walipata asilimia 74 hivi, nao sokwe hawakufika nusu ya hapo. Watafiti wakahitimisha kwamba mtoto wa binadamu hamzidi sokwe kwa kila kitu; anamzidi kwa kipaji cha kujifunza kutoka kwa wengine.

Sina ugomvi na hesabu zao. Ninachohoji ni nani walioketishwa mbele ya mtahini. Watoto walitoka Leipzig, Ujerumani. Walilelewa na wazazi wao na wakatahiniwa na binadamu mwenzao. Sokwe walitoka Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, Uganda, na Tchimpounga, Kongo-Brazzaville. Hayo ni makao ya yatima. Christophe Boesch, aliyewachunguza sokwe wa msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire kwa miaka mingi, aliilalamikia tofauti hiyo mwaka huohuo, na kwa maoni yangu lalamiko lake halijajibiwa kikamilifu. Nataka kulisukuma mbele zaidi. Akili ya sokwe haikai ndani ya fuvu peke yake. Sehemu yake kubwa iko kati ya mama na mtoto, na kati ya kizazi na kizazi katika jamii moja ya msituni. Aliyepokonywa mama amepokonywa sehemu ya kitu kilekile tunachodai kukipima.

Sisi tunaoishi Lubumbashi tuko karibu na yatima hawa kuliko wasomaji wengi wa majarida ya sayansi. Tangu mwaka 2006 mji wetu una kituo cha J.A.C.K., yaani Jeunes Animaux Confisqués au Katanga, kilichoanzishwa na Franck na Roxane Chantereau kuwapokea sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara. Miombo inayotuzunguka si makao ya sokwe. Wachanga hawa hutoka mbali, kaskazini, na safari ya kila mmoja huanza kwa kifo, kwa sababu sokwe jike hamwachii mtu mtoto wake. Ili mtoto apatikane, mama huuawa, na mara nyingi wakubwa wengine wanaojitokeza kumtetea huuawa pamoja naye. Nyama huuzwa, mtoto hutiwa gunia. Septemba 2022 wezi waliingia J.A.C.K., wakawaiba wachanga watatu, kisha wakadai kikomboleo. Bei ya kiumbe huyu basi inajulikana na kila mhalifu. Alichokuwa karibu kufundishwa na mama yake hakimo katika bei hiyo, wala katika takwimu za maabara.

Tuchukue kazi moja tu, kuvua mchwa. Novemba 1960, huko Gombe, Jane Goodall alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka unyasi ndani ya kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akawala. Habari hiyo ilienea duniani, na wengi bado huisimulia kama uvumbuzi wa sokwe mmoja mwenye kipaji. Elizabeth Lonsdorf, aliyewafuatilia watoto wa Gombe wakiwa na mama zao, alionyesha mwaka 2004 kwamba ni somo, tena la muda mrefu. Watoto wa kike huketi karibu na mama, hutazama, na hatimaye huchomeka vijiti vya urefu uleule anaoutumia mama. Wa kiume hucheza zaidi. Wa kike hufanikiwa mara ya kwanza wakiwa na miezi 31 hivi, wa kiume wakiwa na 58. Kazi yenyewe si nyepesi. Unyasi mgumu hauingii katika kinjia kinachopindapinda, na ulio laini mno hujikunja. Ukiuvuta kwa pupa, mchwa askari walioung'ata wanakwanguliwa njiani na unatoka mtupu. Lazima uingizwe, utikiswe kidogo, usubiriwe, uvutwe taratibu. Mtoto hulijua hilo kwa kukaa kando ya mwenye kulijua.

Hapa Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, tunavifahamu vichuguu, vile vikubwa vya Katanga vinavyopita kimo cha nyumba, ambavyo udongo wake hufyatuliwa matofali. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, watoto hukusanyika chini ya taa na mabeseni ya maji. Mtoto wa miaka minne anajua beseni liwekwe wapi na mbawa ziondolewe vipi kabla ya kukaanga. Hakuna aliyemkalisha darasani. Amemtazama dada yake. Sasa mhamishe mtoto huyo akiwa na mwaka mmoja, akue ndani ya uzio pamoja na wenzake wasio na mkubwa wa kuwaonyesha kitu, kisha mpe mtihani uliotungwa na viumbe wa aina nyingine. Nani angethubutu kuyaita matokeo yake akili ya binadamu?

Kwamba sokwe wana desturi si dhana yangu. Mwaka 1999 Andrew Whiten, Goodall, Toshisada Nishida, Boesch na wengine waliziweka pamoja kumbukumbu za vituo vya miaka mingi, vikiwemo Gombe na Mahale vya Tanzania na Kibale na Budongo vya Uganda. Walipata mienendo 39 iliyo ya kawaida mahali pamoja na isiyokuwapo pengine, bila mazingira kutosha kuieleza tofauti hiyo. Mahale iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu mkabala na Kalemie yetu. Huko sokwe wawili wanaochambuana manyoya huinua kila mmoja mkono mmoja, wakashikana juu ya vichwa vyao. Gombe, kilomita zaidi ya 150 kaskazini katika ufuo uleule, jamii ya Kasakela haikuwa na desturi hiyo. Mfano wa Kongo kwangu una uzito zaidi. Katika eneo la Bili-Uéré, kaskazini mwa nchi, Thurston Hicks na wenzake walieleza mwaka 2019 mienendo inayofanana katika eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi: kulala mara nyingi kwenye viota vya chini, kutumia vijiti virefu kukamata siafu, na kugongagonga vichuguu vya aina fulani ili kuvivunja. Vichuguu vya mchwa wakubwa, wanaovuliwa na wenzao wa Gombe, vimejaa Bili, na sokwe wa huko wanavipita tu. Mnyama ni yuleyule, chakula kipo na vidole ni vilevile. Kinachokosekana ni wa kuwaonyesha.

Kuna pingamizi moja zito. Victoria Wobber na Brian Hare walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa sokwe na bonobo (jamaa wa karibu wa sokwe) yatima na wenzao waliolelewa na mama katika vituo hivihivi vya Afrika. Kwa afya ya nafsi na kwa majaribio ya akili, tofauti zilikuwa ndogo. Anayeupinga msimamo wangu atauliza: kama kufiwa na mama hakupunguzi alama za mtihani, hoja yako imebaki na nini? Ninauheshimu utafiti huo, na kwa moyo wa kibinadamu unanifurahisha, kwani unathibitisha kazi njema inayofanywa na walezi. Lakini waliolinganishwa wote waliishi ndani ya uzio uleule, na waliolelewa na mama hapo walilelewa na mama ambao wenyewe, kwa sehemu kubwa, walikuja wakiwa yatima. Darasa la msituni lilikuwa limefungwa kwa wote. Majaribio yalipima uwezo wa jumla, ambao nakubali kwamba unastahimili. Mimi nazungumzia maarifa ambayo uwezo huo umeumbwa kuyapokea, na hayo hayakuulizwa.

Nguvu ya malezi inaonekana hata pale mwalimu anapokuwa binadamu. Matata, bonobo aliyezaliwa katika misitu ya Kongo na kupelekwa Marekani, alifundishwa na timu ya Sue Savage-Rumbaugh kutumia ubao wa alama zinazosimama badala ya maneno. Aliambulia kidogo sana. Mtoto wake wa kulea, Kanzi, aliyezaliwa mwaka 1980, alikuwa akichezacheza pembeni wakati wa masomo bila kufundishwa na mtu, na ndiye aliyezishika alama. Mwaka 1993 ilichapishwa taarifa ya sentensi 660 za Kiingereza alizopewa yeye na mtoto wa binadamu wa miaka miwili. Kanzi, aliyekuwa na miaka 8, alitii ipasavyo asilimia 72. Mtoto, asilimia 66. Kanzi alifariki Machi 2025. Wengi humtaja kuonyesha jinsi bonobo anavyoweza kutukaribia. Mimi namkumbuka zaidi Matata, mwanamke wa msituni aliyepimwa kwa masomo ambayo utoto wake haukuyajua kamwe, akaonekana mzito.

Hadhari hiihii inatakiwa pale mnyama anaposhinda. Mwaka 2007, Japani, sokwe kijana aitwaye Ayumu alionyeshwa tarakimu kwenye skrini kwa sehemu ndogo ya sekunde, akazigusa zilipokuwa kwa mpangilio, akawapita wanafunzi wa chuo kikuu. Baadaye ilionekana kwamba binadamu wakipewa mazoezi ya kutosha nao humfikia. Kwa hiyo aliyesema sokwe ana kumbukumbu kuliko sisi alikosea kama aliyesema hana akili. Wote wawili walisahau kuuliza kila upande ulikuwa umezoezwa nini.

Hoja yangu haiwahusu wanyama wote. Mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali ya porini, hutaga katika viota vya ndege wengine na hamjui mama yake. Hata hivyo Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha mwaka 2023 kwamba milembe wa Niassa, Msumbiji, huitikia zaidi mlio wa Wayao, na wale wa Tanzania huitikia zaidi mluzi wa Wahadza, kuliko wito wa kigeni. Ndege huyu hujifunza desturi za watu bila mzazi wa kumwongoza. Ipo basi akili isiyohitaji ukoo. Ndiyo sababu swali la nani ana akili zaidi, likiulizwa kwa wanyama wote pamoja, halina jibu la maana. Kwa kila mnyama tuulize kwanza maarifa yake huyapata kwa nani.

Kwa sokwe jibu linajulikana, na linabadilisha maana ya hasara tunayoishuhudia. Mwaka 2019 Hjalmar Kühl na wenzake walichambua mienendo 31 katika jamii 144 za sokwe. Pale binadamu walipoivuruga misitu zaidi, uwezekano wa kuikuta mienendo hiyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Sokwe wanaweza kubaki hai huku wanachokijua kikipotea. Sheria yetu ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama kama viumbe. Lakini wakubwa wa jamii moja wanapouawa kwa ajili ya mtoto mmoja, kinachoondoka kinazidi idadi ya mizoga. Ningependa kila mchanga anayefikishwa Lubumbashi achunguzwe vinasaba ili msitu alikotoka ujulikane, na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kingefaa kwa kazi hiyo. Tungejua ni jamii zipi zinazomalizwa kabla desturi zao hazijaandikwa popote.

Jaribio la kuipima hoja hii limekwisha kuanza, ingawa halikubuniwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2009 bonobo yatima waliolelewa Lola ya Bonobo, kituo cha Claudine André karibu na Kinshasa, walirudishwa msituni Ekolo ya Bonobo, upande wa Basankusu, na wamezaa huko. Watoto hao wanalelewa na mama waliopokonywa walimu wao. Huko Wamba, pia nchini Kongo, Wajapani walioanza na Takayoshi Kano mwaka 1973 wana kumbukumbu za bonobo ambao ukoo wao haukukatwa hivyo. Watoto wa Ekolo walinganishwe na wa Wamba katika kuchagua vyakula, kutengeneza viota na kupokeana na jirani. Wakilingana, nitakuwa nimetia chumvi katika nafasi ya mama. Wakitofautiana, majedwali ya Herrmann na wenzake ya mwaka 2007 itabidi yasomwe upya, yakiwa na historia ya kila aliyetahiniwa kando ya alama zake.