Mkaa Juu, Mkaa Chini

Ndugu wanafunzi mnaooka keki kwa jiko la umeme, fahamuni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera (1978–79), unga wa ngano na sukari viliadimika Mwanza. Mama zetu walioka kwa sufuria: mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ngano ikikosekana kabisa, tulikula viazi vitamu vilivyoanikwa. Vikianikwa vibichi ni michembe. Vikichemshwa kwanza, matobolwa. Wapo wanaoona haya kuvila. Kwangu mimi ndiyo keki isiyohitaji foleni! Mwezi Juni, atakayekwenda Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo kutazama Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, na aulizie matobolwa kwa chai.